Kilomita Tisini Baada ya Lami

4 Februari

Kwa Spana, mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, mikono ina grisi kama kawaida yako. Mimi sijambo, ila mgongo unanikumbusha umri kila asubuhi. Nisalimie mkeo, na binti yako mwambie bibi yake wa huku amepokea picha na pengo la meno limempendeza. Mama yako mpe pole ya goti, lakini usimwambie kwamba pole imetoka kwangu. Ndiyo maana nimetuma barua hii gereji. Simu ya nyumbani kwenu anapokea yeye, na mambo mengine nikikuambia kwa simu utanikatiza kabla sijafika katikati.

Nimestaafu. Ijumaa iliyopita nilikabidhi funguo za bohari ya dawa, nikavua koti jeupe nililovaa miaka thelathini na moja. Walinipa zawadi ya saa ya ukutani. Mtu amemaliza kazi, saa ya kuwahi wapi?

Sasa la maana. Nataka kununua pikipiki. Si ya kwendea sokoni. Nataka ile ndefu ya safari, inayokwenda lami siku nzima bila kuchoka, na lami ikiisha isigome. Mbele yangu kuna kilomita mia tatu za lami, halafu tisini za vumbi, mawe na mchanga, na vijito viwili visivyo na daraja. Nilipokuwa msichana niliendesha pikipiki ya chanjo miaka minne kwenye njia za mbuzi, kwa hiyo klachi naijua. Hizi za sasa ndizo zinanichanganya. Muuzaji hapa mjini ananiambia iliyo kubwa ndiyo bora. Namwona kama mtu aliyechoka kuifuta vumbi, anataka tu iondoke dukani kwake.

Nieleze nichague ipi. Usiniulize naenda wapi.

Shangazi yako


19 Februari

Shangazi, shikamoo.

Sisi wazima. Mama anashona kama kawaida, goti kalinyoosha kwenye kigoda, anakanyaga cherehani kwa mguu mmoja. Sijamwambia kitu.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa juu ya tairi, nikaisoma tena. Fundi umeme wangu akaniuliza, "Kuna msiba?" Nikamjibu, "Hapana. Shangazi yangu ana miaka hamsini na nane, anataka pikipiki ya kuvukia mito." Gereji nzima ikaacha kazi. Akasema, "Sasa huo si msiba?"

Nimekaa wiki moja nikitafuta namna ya kukukataza. Nimeshindwa, maana ulinilea likizo zangu zote na sijawahi kuona umekatazwa kitu ukakatazika. Basi nisikilize.

Huyo muuzaji anakuuzia injini yenye ujazo wa sisi (cc) mia nane. Kwenye lami ni raha, ni kama umelala kitandani. Lakini ina kilo mia mbili na ishirini, na siku itakayolala mchangani, nawe utalala nayo hapo hapo. Pikipiki usiyoweza kuinyanyua peke yako si mali yako. Wewe ndiye mali yake. Tafuta ya mia tatu hivi, silinda moja, isiyozidi kilo mia na hamsini. Lami itakwenda themanini, tisini kwa saa, upepo utakusukuma kidogo, basi. Hakuna anayekufukuza.

Tazama gurudumu la mbele liwe kubwa, inchi ishirini na moja, lipande jiwe badala ya kugongana nalo. Rimu iwe ya spoku. Zile za kipande kimoja zinang'aa lakini jiwe likizipata zinapasuka, na huko hakuna wa kukuuzia nyingine. Spoku ikipinda, hata fundi baiskeli anainyoosha. Chini ya injini lazima kuwe na bamba la chuma. Tairi chukua za nusu kwa nusu, zenye meno ya kushika mchanga lakini zisizolia sana kwenye lami. Panda juu ukiwa umevaa viatu vya safari. Ncha za miguu yote miwili zisipofika chini, shuka, mwambie muuzaji asante. Na mafuta yawe ya kwenda na kurudi hiyo njia ya vumbi. Usimwamini mtu anayekuambia huko mwisho kuna mafuta.

Umesema nisiulize unakwenda wapi. Haya, siulizi wapi. Nauliza kwa nani. Na kwa nini mama asijue?

Spana


11 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Hapa joto limepungua na jirani yangu mwenye mbwa amehama, kwa hiyo nalala.

Nilirudi dukani. Nikamwambia muuzaji ailaze ile kubwa chini. Akasema, "Mama, hii ni mpya." Nikamwambia, "Huko niendako itaanguka ikiwa mpya vilevile." Akailaza kama anayemlaza mgonjwa. Nilijaribu mara tatu, haikujongea. Nikamwomba ailaze ile ya mia tatu, ya kijivu, ambayo alikuwa ameificha nyuma. Niliipa mgongo, nikachuchumaa, nikashika usukani kwa mkono huu na siti kwa ule, nikasukuma kwa miguu. Ikasimama. Wateja wawili wakapiga makofi na mimi nikakaa chini dakika kumi kutafuta pumzi. Ndiyo niliyonunua.

Nafanya mazoezi kila asubuhi kwenye uwanja nyuma ya bohari. Nimeanguka mara nne. Muundi wa kushoto umekuwa rangi ya bilinganya. Mlinzi ananiletea maji na hasemi kitu, ila nikianguka anageuka upande wa pili, ni mtu mwenye adabu.

Maswali yako mawili nimeyaona. Kwanza nijibu langu. Unakumbuka nini cha mwaka ule wa mafuriko? Usiniandikie uliyoambiwa ukubwani. Niandikie uliyoyaona mwenyewe.

Shangazi yako


28 Machi

Shangazi, shikamoo.

Binti yangu ameota meno mapya, moja limekaa upande. Mke wangu anakusalimu na anasema ukimaliza na hiyo pikipiki umwachie yeye.

Swali lako limenikosesha usingizi, lakini nitajibu.

Nilikuwa na miaka sita. Nakumbuka baba akiondoka na mjomba, mdogo wake mama, kwenda kambi ya barabara. Baba ndiye aliyekuwa akiendesha lori la kambi, mjomba alikuwa utingo wake. Mjomba alinirushia peremende kutoka dirishani. Kisha nakumbuka wanaume wawili wenye kofia za kazi wamekaa kwetu bila kuzivua. Walisema mto ulijaa, lori lilikutwa limelala ubavu, na watu hawakuonekana. Mama hakulia mbele yao. Alikwenda kukunja nguo za mjomba, si za baba, nguo za mjomba, akazikunja zote, akazikunjua, akazikunja tena. Tulizika masanduku mawili matupu. Hayo ndiyo niliyoyaona. Tangu hapo, miaka ishirini na saba, mama hajautaja ule mto, na mimi nimejifunza kutouliza.

Kwa nini unaniuliza haya sasa? Shangazi, nimefungua ramani iliyobandikwa ukutani hapa gereji. Kutoka mjini kwako, kilomita mia tatu za lami na tisini za vumbi, hazifiki sehemu nyingi. Niambie kwamba nimekosea hesabu.

Cheni itie mafuta kila baada ya kilomita mia tano.

Spana


2 Juni

Mwanangu,

Nimechelewa kukujibu miezi miwili. Hukukosea hesabu. Kaa chini, na kama kuna mtu karibu nawe mwombe atoke.

Baba yako yuko hai. Nimemwona kwa macho yangu, nimemgusa.

Sasa vuta pumzi, nikueleze jinsi ilivyokuwa, maana naona jinsi ulivyo.

Mwaka jana bohari ilianza kupeleka dawa kwenye zahanati moja mpya, mbali sana. Lori linaishia lami inapoishia, wanakuja wenyewe kuchukua. Risiti zikarudi kwangu zimesainiwa na mtunza stoo wao, jina nisilolijua. Lakini saba ilikuwa imekatwa katikati, na herufi ya k ilikuwa na mguu mrefu unaovuka mstari wa chini. Mwanangu, ule mkono niliushika mimi. Mama yetu alikuwa shambani, mimi ndiye niliyemfundisha mdogo wangu kuandika, na ule mguu wa k nilimchapia mpaka nikachoka. Nilingoja risiti nne. Zote ziko hivyo. Ningekuambia nini? Kwamba nimemfufua baba yako kwa herufi moja? Na kama nimekosea? Ndiyo maana sikutaka lifti wala kuandamana na mtu. Nilitaka chombo ambacho nikiogopa njiani kinageuka na mimi, na hakuna atakayejua.

Nisamehe kwa hili moja hasa: wewe ndiye uliyenichagulia pikipiki ya kunifikisha kwake, na sikukuambia.

Lami haikunisumbua. Kwenye vumbi nilianguka mara mbili, nikainyanyua mara mbili. Nilifika saa nane mchana nikiwa mweupe kwa vumbi. Akatoka stoo na daftari, kalamu sikioni, akaniambia, "Karibu, mzigo uko wapi?" Nikavua kofia. Akaichomoa kalamu sikioni, akaiweka juu ya daftari taratibu, akaketi juu ya boksi la dripu. Akasema, "Dada." Nilimpiga kofi. Sikupanga. Nilikuwa bado nimevaa glavu. Kisha tukalia, yeye bila sauti, mimi kwa sauti ya watu wawili.

Alinieleza hivi. Siku ile mjomba wako alitazama maji akasema wangoje. Baba yako hakutaka kulala njiani, akavuka. Maji yaliwabeba. Yeye alishika mti. Siku ya tatu alimkuta mjomba wako amekufa, chini sana kufuata mto, mbali na pale watafutaji walipoishia. Akamzika palepale kwa msaada wa wenyeji. Alikusudia kurudi nyumbani. Alifika hadi lami, anasema, akakaa kando ya barabara siku nzima, magari yanasimama kumchukua na yeye anayaruhusu yaende. Hakuweza kumtazama mke wake na kumwambia, nimekuulia mdogo wako. Akarudi kaburini. Akabadili jina. Zahanati ilipojengwa akaomba kazi hapo kwa sababu kaburi liko karibu.

Kuna jambo moja sijui nilibebeje. Anasema mwaka wa tatu alimwandikia mama yako. Alimweleza yote, na mahali mdogo wake alipolala, akamwomba aje. Hakujibiwa. Anafikiri barua ilipotea, au anataka kufikiri hivyo.

Sikumwambia unapoishi. Hilo ni lako.

Shangazi yako


14 Juni

Shangazi.

Barua nimeipata.

Spana


6 Julai

Shangazi, shikamoo.

Unisamehe kwa ile barua yangu ya mwezi uliopita. Nilikaa na barua yako mbele yangu wiki nzima na hayo ndiyo maneno yaliyotoka. Kazini nilifunga breki za mteja kinyume. Fundi umeme alinipokonya funguo akaniambia niende nyumbani kabla sijaua mtu. Hakujua alichosema, lakini nilitoka nje na sikurudi siku ile.

Jumapili nilimwambia mama. Alikuwa anashona pindo la pazia. Nikasema, "Mama, baba yuko hai." Hakusimamisha cherehani. Alifika mwisho wa pindo, akakata uzi kwa meno. Akasema, "Najua."

Nilishika mlango, Shangazi. Nilidhani nimesikia vibaya.

"Aliniandikia," akasema. "Ulikuwa na miaka tisa. Mwandiko niliujua tangu kwenye bahasha. Mstari wa kwanza ulisema, mimi niko hai. Nikatafuta kwenye mstari huo kama kuna mwingine aliye hai. Hakuwepo. Nikaitia motoni."

"Hukuisoma yote?"

"Ya nini? Niliyekuwa namlilia hakuwa na mkono wa kuniandikia."

Nikamuuliza kwa nini aliniacha nizuru sanduku tupu kila mwaka. Akasema, "Ningekuambia nini? Kwamba yupo na amechagua kutorudi? Mtoto anaweza kumbeba baba aliyekufa. Yule mwingine ni mzito."

Nilikasirika, sikufichi. Miaka ishirini na nne ameketi na jambo hilo, tunakula meza moja. Nikamwambia kwa hasira, nikitaka limuume, "Mstari uliofuata ulikuwa wa mjomba. Baba alimpata. Alimzika. Alikuwa anakuelekeza kaburi."

Aliniambia nirudie. Nikarudia. Akasimama, akasahau goti, akaanguka na kitambaa chote. Nilikimbia kumwinua, akakataa. Alibaki pale sakafuni kati ya yale mapazia akasema, "Kwa hiyo kaburi nililichoma mimi." Alilisema mara tatu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayehesabu vifungo. Hasira yangu yote iliishia pale. Nilikaa naye sakafuni mpaka mke wangu aliporudi.

Jana asubuhi alinikuta navaa. Akasema, "Nipeleke."

Nikamwambia ni mbali, hakuna gari, kuna mito. Akaniuliza, "Shangazi yako alikwendaje?"

Je, hiyo pikipiki itatubeba?

Spana


15 Julai

Mwanangu,

Itawabeba. Njooni kwa basi hadi kwangu, mchukue pikipiki hapa. Wewe ndiye fundi, lakini mimi ndiye niliyeipita ile njia, kwa hiyo leo nisikilize wewe: kaza springi ya nyuma kwa ajili ya mtu wa pili, na ukifika vumbini toa upepo kidogo kwenye tairi. Nimemnunulia wifi kofia. Nimefunga mto wa kukalia kwenye siti na sehemu ya kunyooshea goti.

Mimi nitabaki. Ninayo maneno yangu kwake, nimeshayasema kwa glavu. Safari hii ni ya kwenu.

Shangazi


11 Agosti, stoo ya zahanati

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kwenye meza ya baba. Lori la bohari linangoja lami inapoishia, trekta ya hapa inalipelekea maboksi matupu, na dereva atakufikishia barua hii. Tulifika jana salama.

Kwenye lami mama alishika siti tu. Vumbi lilipoanza alinishika kiunoni mpaka mkanda ukaacha alama. Kwenye kijito cha pili maji yalikuwa juu kidogo. Nilimshusha, nikavua viatu, nikaingia kwa miguu mpaka ng'ambo, nikirudi nachagua pa kupita. Yalifika magotini, chini ni changarawe ngumu. Nilipotoka, mama alikuwa amekaa juu ya jiwe, amevikumbatia viatu vyangu. Akasema, "Asante kwa kupima." Tulikaa pale karibu saa nzima ndipo tukavuka.

Baba alikuwa mlangoni pa stoo. Kwa kilomita mia nne nilikuwa nimepanga maneno, mengine ya kumchoma. Nilichokikuta ni mzee mfupi kuliko mimi, mwenye masikio yangu. Akasema, "Umekuwa mkubwa." Nikasema, "Ndiyo." Hayo tu, Shangazi. Nilikwenda kukagua cheni isiyokuwa na tatizo lolote.

Mama hakumsalimu. Aliuliza, "Yuko wapi?"

Ni mwinuko nyuma ya zahanati. Kaburi limezungushiwa mawe, limepakwa chokaa, jina la mjomba limechongwa kwenye saruji, na ile saba ya mwaka imekatwa katikati. Mama alipiga magoti, lile bovu na lile zima, akaweka kiganja juu ya saruji. Baba alisimama mbali, kofia mkononi. Sijui ilikuwa muda gani. Kisha mama akasema bila kugeuka, "Neno lake la mwisho lilikuwa nini?"

"Alisema tusubiri."

"Na wewe ulimwambia nini?"

Nilitaka asijibu. Akajibu. "Nilimwambia kama anaogopa maji, arudi akakae na watoto kambini. Akapanda."

Mama alifumba macho. Nilidhani atapiga ukelele, na naamini baba alikuwa anaungojea miaka yote hii. Hakupiga. Alisema, "Hilo ndilo lilikuwa kwenye barua?"

"Lilikuwemo."

Usiku mama akalala kwa muuguzi wa zahanati, na mimi nikalala hapa stoo. Baba alinipa kitanda chake, yeye akalala juu ya maboksi. Asubuhi alitoka akaizunguka pikipiki yako akauliza kwa nini gurudumu la mbele ni kubwa kuliko la nyuma, nikamweleza. Nilimweleza kwa urefu zaidi ya ilivyohitajika. Sijamsamehe. Sijui kama nitamsamehe. Nakuandikia tu kwamba nilimweleza, naye alisikiliza hadi mwisho.

Baada ya chai mama alimwambia, "Nionyeshe ulipomkuta." Ni nusu saa kwa miguu kufuata mto. Nikasema nitawasha pikipiki. Akakataa.

Wametoka sasa hivi, nawaona kutoka dirishani. Baba yuko mbele, anatembea haraka kama anayefukuzwa, mama yuko nyuma na fimbo, anachechemea. Dereva wa trekta anadai barua. Wamefika pale njia inapoanza kuteremka. Mama amesimama, amemwita. Kutoka hapa sisikii vizuri, lakini neno ni moja na ni fupi, nadhani ni "subiri."

Baba amesimama. Anamsubiri.

Spana